Mashine moja, wagonjwa wawili: safari ya dialize toka Kampen mpaka Beni na Butembo

BUTEMBO – Katika nyumba nyingi za Butembo, Beni, Oicha na Lubero, neno dialize huingia bila kubisha hodi. Mtu ameishi miaka na tansiyo ya juu ao ugonjwa wa sukari, anaanza kuvimba miguu, chakula kinamshinda, anapelekwa hospitali. Karatasi ya maabara inarudi ikionyesha kwamba kreatinini imepanda sana. Munganga anaeleza kwamba figo zimeacha kazi na kwamba damu itabidi isafishwe kwa mashine. Hapo familia inabaki na maswali mawili: ni pesa ngapi, na je, itamsaidia mtu wetu?

Swali la kwanza linajibiwa siku hiyo hiyo. La pili linabaki. Inasikika kila mara kwamba fulani alivuka Kasindi, akasafishwa damu Kampala, akarudi akitembea kwa miguu yake. Fulani mwingine, umri ule ule na pesa ile ile, alirudishwa ndani ya sanduku. Kisha maneno yanaanza: mashine ilikuwa mbovu, wanganga walimpuuza, kuna mkono wa mtu. Lakini mashine hii ina historia ya zaidi ya miaka 80, na tangu mwaka wake wa kwanza imeonyesha jambo moja. Chuma ni kile kile, ila matokeo yanaamuliwa zaidi na mambo yanayokizunguka: aina ya ugonjwa, mshipa, saa, maji, mkojo uliobaki, na barabara.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe. Figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi, zinachuja damu usiku na mchana, saa 168 kwa juma. Zinatoa uchafu, zinapima maji na chumvi mwilini, na zinasaidia mwili kutengeneza damu mpya. Mashine ya dialize, pale inapotumiwa kama inavyopendekezwa, inafanya kazi saa 4, mara 3 kwa juma. Hizo ni saa 12 mahali pa 168, na ni kwa sehemu moja tu ya kazi ya figo. Anayejua hesabu hiyo hatashangaa kwamba kila saa inayopotea ina bei yake.

Mashine ya kwanza iliyomfaa mtu ilitengenezwa wakati wa vita. Mwaka 1943 Uholanzi ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na munganga kijana kwa jina Willem Kolff alikuwa akifanya kazi katika hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Vifaa havikuwepo. Alichukua vipande vya mbao akatengeneza pipa, akalizungushia mrija wa selofani, ule wanaofungia soseji, akaliweka lizunguke ndani ya beseni kubwa la maji yenye chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya selofani. Uchafu ulipenya kwenda majini, chembe za damu zikabaki na kurudi mwilini. Mpaka leo kanuni ni hiyo. Kilichobadilika ni umbo la kichujio na usalama wake.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye hakufikisha miaka 30, figo zake zimeharibika kwa muda mrefu na tansiyo iko juu sana. Kila aliposafishwa damu alipata nafuu, akazungumza, akatambua watu. Lakini kila mara Kolff alilazimika kupasua mshipa mpya ili kupata damu, na mshipa uliotumika haukufaa tena. Baada ya mara 12 mishipa ikaisha. Mwanamke yule akafa, ilhali mashine ilikuwa nzima na tayari kwa kazi.

Wengine waliofuata, karibu wote, walikufa vile vile. Katika miaka miwili Kolff alitibu watu 16 na matokeo yalikuwa machache sana. Kisha Septemba 1945, vita vimekwisha, akaletewa mwanamke wa miaka 67 asiyejitambua. Alikuwa mfungwa, akishtakiwa kushirikiana na Wajerumani, na wengi mjini hawakumtakia mema. Kolff alimweka kwenye mashine ile ile. Akaamka. Kolff alipenda kusimulia baadaye kwamba neno la kwanza la mama yule lilikuwa kwamba sasa atamwacha mumewe, na kweli akamwacha. Aliishi miaka 7 mingine, akafa kwa ugonjwa usiohusu figo.

Basi hapo ndipo swali la familia za Butembo linapoanza. Mashine moja, wagonjwa wawili. Kijana amekufa, bibi mzee amepona. Kwa nini?

Tofauti kubwa ilikuwa aina ya ugonjwa. Figo za yule kijana zilikuwa zimeoza pole pole, hazikuweza kurudi. Za mama wa miaka 67 zilisimama kwa ghafla, kutokana na maambukizo na dawa alizopewa. Figo zilizosimama ghafla zinaweza kuamka zenyewe zikipewa siku chache ao majuma machache. Mashine haikumponya, ilimshika mkono mpaka figo zake zikarudi kazini. Ndiyo sababu swali la kwanza ambalo familia yafaa kumuuliza munganga, hata kabla ya bei, ni hili: je, figo hizi zimesimama ghafla ao zimekwisha?

Huku Grand-Nord mambo yanayosimamisha figo ghafla ni mengi: malaria kali, kipindupindu na kuhara kunakomaliza maji mwilini, damu nyingi inayotoka wakati wa kuzaa, jeraha la risasi, baadhi ya dawa za miti, na dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa barabarani na kumezwa bila kipimo. Mwili uliobanwa chini ya ukuta nao unaharibu figo, kwa sababu nyama iliyopondwa inamwaga sumu katika damu. Wanganga waliandika jambo hilo London mwaka 1941, walipoona watu waliofukuliwa hai toka nyumba zilizobomolewa na mabomu wanakufa siku chache baadaye bila kukojoa.

Vita vya Korea vilitoa ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 1952 jeshi la Marekani liliweka mashine ya dialize karibu na uwanja wa vita. Kabla ya hapo, askari majeruhi ambao figo zao zilisimama walikufa zaidi ya 8 kwa kila 10. Mashine ilipofika, vifo vilishuka hadi karibu nusu. Kupungua huko ni kukubwa, lakini nusu bado walikufa. Wengi katika nusu hiyo walikuwa na majeraha mabaya na maambukizo ambayo hakuna kichujio kinachoweza kuyaondoa. Dialize inasafisha damu; haifungi jeraha wala haiui vijidudu.

Kwa wale ambao figo zimekwisha kabisa, miaka ya Kolff haikuwa na jibu, kwa sababu ya mishipa. Jibu lilikuja Machi 1960 mjini Seattle, Marekani. Munganga Belding Scribner aliunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi kwa mrija mdogo wa tefloni, ukabaki mkononi mwa mgonjwa siku zote. Kila mara mrija unafunguliwa, mashine inaunganishwa, kisha unafungwa tena. Mgonjwa wa kwanza, Clyde Shields, fundi wa kiwandani, alikuwa karibu na kifo. Aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 wanganga wa New York, James Cimino na Michael Brescia pamoja na wenzao, walitangaza njia bora kuliko hiyo: kumpasua mgonjwa kidogo kwenye kifundo cha mkono na kushona mshipa mmoja na mwingine chini ya ngozi, bila mrija wowote. Mshipa unavimba, unakuwa mnene, na sindano inaingia kila mara pale pale. Hiyo inaitwa fistula. Akina mama wa huku wasishtuke kwa jina. Si ile fistula ya baada ya uzazi ambayo hospitali za Goma na Bukavu zimejulikana kwa kuitibu.

Fistula inahitaji majuma mengi, mara nyingi zaidi ya mwezi, ili ikomae. Na hapa ndipo wagonjwa wengi wa Afrika wanapopoteza nafasi yao. Anayefika amezidiwa hawezi kungoja. Anawekewa mpira katika mshipa wa shingo, na dialize inaanza usiku huo huo. Mpira huo unaokoa, lakini ni mlango ulio wazi kwa vijidudu, na unaziba mara kwa mara, hivyo damu inayopita ni kidogo. Wagonjwa wawili wakikaa upande kwa upande, mmoja na fistula iliyokomaa na mwingine na mpira wa shingoni, hawapati dialize moja, hata kama bei ni moja.

Jambo dogo ambalo muuguzi yeyote wa kituo cha afya anaweza kufanya: mgonjwa mwenye figo zinazochoka asichomwe serumu wala kutolewa damu katika mishipa ya mkono wa mbele, hasa mkono asioutumia sana. Atumie mgongo wa kiganja. Mishipa ile itahitajika.

Lakini kuwahi kumwona munganga si sawa na kuwahi kuingia kwenye mashine. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand, na kutangazwa mwaka 2010, uligawa wagonjwa 828 katika makundi mawili. Kundi moja lilianza dialize mapema, jingine lilingoja mpaka dalili zionekane. Vifo havikutofautiana. Maana yake si kwamba mtu akae nyumbani. Wote wawili walikuwa wakifuatwa na wanganga kwa miezi. Maana yake ni kwamba muda wa kabla ya mashine una faida ukitumika kutuliza tansiyo, kuandaa fistula na kutafuta pesa. Anayeanza kuuza shamba siku ile anapozimia amekwisha kupoteza muda huo.

Juu ya saa, mabishano yalidumu miaka mingi na hayajaisha kabisa. Mwanzoni Seattle watu walifungwa kwenye mashine usiku kucha. Kadiri wagonjwa walivyoongezeka na vichujio vilivyoboreshwa, saa zikapunguzwa. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gotch na John Sargent, walitoa hesabu ambayo inatumika duniani kote: nguvu ya kichujio, mara muda, gawanya kwa maji yaliyo ndani ya mwili wa mgonjwa. Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo jicho linaona pia. Mwanamume wa kilo 90 na mama wa kilo 45 wakipewa saa zile zile kwenye mashine ile ile, mwanamume anaondoka na uchafu mwingi zaidi uliobaki. Kuna njia rahisi ya kujua: urea inapimwa kabla na baada, na inapaswa kushuka kwa angalau asilimia 65. Familia ina haki ya kuuliza namba hizo mbili. Haihitaji kuwa na diploma.

Je, kuzidisha kunazidisha faida? Marekani walijaribu kwa wagonjwa 1,846, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Kwa jumla, kuongeza kipimo juu ya kile cha kawaida hakukupunguza vifo. Wanawake walionekana kufaidika na kipimo cha juu, wanaume hapana, jambo ambalo linajadiliwa mpaka leo. Lakini utafiti ule uliongeza nguvu zaidi kuliko muda. Kule Tassin, karibu na Lyon, Ufaransa, wanganga walikataa kupunguza saa. Waliendelea na saa 8, mara 3 kwa juma, na wagonjwa wao walijulikana kwa kuishi miaka mingi na kwa kuacha karibu dawa zote za tansiyo. Sababu ni rahisi. Maji yanayotolewa pole pole hayaangushi tansiyo, moyo hauchoki. Mgonjwa anayekuja na kilo 5 za maji na kutolewa yote katika saa 4 anatoka ametapika, misuli imekaza, na siku mbili hajiwezi.

Afrika ya Mashariki haina anasa ya Tassin. Kenya, mfuko wa bima ya afya wa taifa ulipoanza kulipia dialize katikati ya miaka ya 2010, ulilipia mara mbili kwa juma. Hilo liliokoa watu wengi ambao hapo kabla hawakupata hata mara moja, na serikali iliweka mashine katika kaunti mbalimbali ili watu wasifunge safari ya Nairobi. Uganda ilihamishia kazi nyingi ya dialize ya umma toka Mulago kwenda hospitali ya Kiruddu, Kampala, na huko ndiko wagonjwa wanatoka kila pembe ya nchi. Mara mbili kwa juma inaweza kumtosha mtu ambaye bado anakojoa. Asiyekojoa tena inamwacha na siku nyingi za sumu na maji.

Hilo la mkojo halizungumzwi vya kutosha. Watu wengi wanadhani akianza dialize mkojo hauna maana tena. Utafiti wa Kanada na Marekani kwa wagonjwa wanaosafishwa kwa njia ya tumbo, uliochambuliwa upya mwaka 2001, ulionyesha kwamba kila robo lita ya mkojo kwa siku ilikwenda pamoja na kupungua kwa hatari ya kifo kwa zaidi ya theluthi moja. Figo iliyobaki na uhai kidogo inafanya kazi saa zote 168, na inatoa sumu ambazo mashine haizipati vizuri. Kwa hiyo dawa za maumivu za barabarani na dawa za miti zinaweza kumdhuru hata mtu ambaye tayari yuko kwenye dialize: zinamalizia kile kilichobaki.

Kuna pia maji. Dialize ya saa 4 inapitisha karibu lita 120 za maji upande wa pili wa kichujio. Hiyo ni bidoni 6 za lita 20 kwa mgonjwa mmoja, kwa siku moja. Katika mtaa wa Butembo ambako mama anapanga foleni kwenye chemchemi kwa bidoni mbili, hesabu hiyo inaeleweka bila maelezo. Na si maji ya kunywa ya kawaida; yanapaswa kuchujwa na kutolewa madini yote, maana yanakutana na damu. Katika miaka ya 1970 ilijulikana kwamba aluminiamu iliyomo majini ilikuwa ikiharibu ubongo wa wagonjwa wa dialize. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, maji ya bwawa yaliyokuwa na sumu ya mwani yaliletwa kwa lori kwenye kituo bila kusafishwa inavyopaswa, na zaidi ya wagonjwa 50 wakafa. Mashine zilikuwa nzuri. Mtu anayesifu kituo kwa mashine mpya angeuliza pia chumba cha maji kiko wapi, na umeme ukikatika saa ya pili jenereta inawaka baada ya dakika ngapi.

Chakula nacho kinaamua. Ndizi, maharagwe, sombe, viazi vya Lubero na avoka vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikijaa katika damu moyo unasimama ghafla, mara nyingi usiku wa kabla ya dialize. Makayabo na chumvi vinaleta kiu, kiu inaleta maji. Hakuna anayeweza kumwambia Mnande aache maharagwe na ndizi maisha yake yote, na mkimbizi anayepewa msaada hachagui. Lakini viazi na sombe vikikatwa vidogo, vikachemshwa katika maji mengi na maji hayo kumwagwa, potasiamu inapungua sana.

Seattle ilikuwa ya kwanza pia kukutana na swali la nani alipiwe. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo mwaka 1961 iliundwa kamati ya watu 7, kati yao mchungaji, mwanasheria, mtu wa benki na mama wa nyumbani, ili kuchagua nani aingie. Gazeti la Life likaandika habari hiyo na Amerika ikashtuka. Waliangalia kama mtu ameoa, ana kazi, anakwenda kanisani. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumlipia karibu kila raia. Huku kwetu hakuna kamati. Mfuko ndio unaochagua. Uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika kusini ya Sahara uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wazima walioanza dialize hawakuendelea hata miezi 3, na sababu iliyorudi kila mahali ilikuwa pesa. Dialize iliyokatizwa kwa kukosa pesa inahesabiwa mtaani kama dialize iliyoshindwa.

Grand-Nord yenyewe imekwisha kutoa ushahidi juu ya swali hili la kwa nini tiba moja inafaa huyu na si yule, na ilitoa kwa gharama kubwa. Si kwa dialize, ni kwa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Mangina, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Novemba 2018, katikati ya risasi na maandamano, jaribio la dawa nne lilianza Beni, kisha likaingia Mangina, Butembo na Katwa, chini ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake. Wagonjwa 681 walipewa dawa kwa kura. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuwa bora: walizopewa, karibu mmoja kwa watatu walikufa, wakati dawa nyingine mbili zilibaki karibu nusu.

Hizo ndizo habari zilizotangazwa redioni. Zisizotangazwa sana ni zile za ndani ya kila kundi. Waliofika na virusi vichache katika damu na kupewa mojawapo ya dawa bora walikufa karibu mmoja tu kwa kumi. Waliofika na virusi vingi, kwa dawa ile ile, walikufa zaidi ya nusu. Kila siku moja ya kukaa nyumbani na dalili kabla ya kuingia CTE iliongeza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 11. Na kipimo kingine kilichotabiri kifo kilikuwa kile kile kinachowashtua watu wa dialize: kreatinini. Aliyefika figo zimekwisha kusimama, dawa ilimkuta amechelewa.

Watu walichelewa kwa sababu zinazojulikana. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kama sababu, na wengi wakaona ugonjwa ni siasa. Riposti ilikuja na magari na pesa mahali ambapo mauaji ya tangu 2014 hayakuleta magari. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Kila tukio kama hilo liliongeza siku za kungoja nyumbani.

Hata kupona hakukumaliza habari ya figo. Utafiti wa Gine uliwafuata waliopona Ebola 1,130 baada ya kutoka hospitali. Katika mwaka wa kwanza walikufa mara 5 zaidi kuliko watu wa kawaida. Kati ya vifo 59, wachunguzi waliona 37 vinaelekea kuwa vya figo. Waliokaa muda mrefu zaidi ndani ya CTE walikuwa na hatari zaidi. Ndiyo maana washindi wa Ebola wa Beni, Mangina na Butembo waliwekwa katika ufuatiliaji, na mshindi anayeitwa kupimwa mkojo na damu asione kwamba anasumbuliwa bure. Kwamba figo zilizoangushwa na Ebola zinaweza kurudi, hilo lilionekana mwaka 2014 Atlanta, Marekani: munganga aliyeambukizwa Sierra Leone alifanyiwa dialize mfululizo kwa majuma, figo zake zikaamka.

Inabaki barabara. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Goma mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Barabara ya taifa namba 2 inapita katikati ya mstari wa vita. Upande wa mashariki kuna Kasindi, lakini Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria sababu ya Covid-19, na kila aliyekuwa na tiba ng'ambo alijua mpaka si mali yake. Mgonjwa wa dialize hawezi kukimbia vita kama wengine wanavyokimbia. Jirani anaweza kulala porini siku 5 akarudi. Yeye siku ya 3 ao ya 4 potasiamu na maji vinamkuta.

Hata nchi tajiri iliona hilo. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans Agosti 2005, vituo vya dialize vilifungwa na wagonjwa wakatawanyika katika majimbo mengine. Walipoulizwa baadaye, 44 kwa kila 100 walikuwa wamekosa angalau dialize moja, na karibu 17 kwa 100 walikosa tatu ao zaidi. Wengi walifika kwenye vituo vipya bila karatasi yoyote. Tangu hapo vituo vingi vya Marekani vinawafundisha wagonjwa chakula cha siku 3 cha dharura, chenye maji kidogo, chumvi kidogo na potasiamu kidogo, na kuwapa wengine dialize ya mapema kila tufani inapotangazwa.

Kwa familia zilizohama Lubero, Oicha ao Mangina na zenye mtu wa figo, karatasi inayotakiwa kuwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura ni ukurasa mmoja: uzito wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada, ambao wanganga wanauita uzito mkavu; siku ya dialize ya mwisho na saa alizofanya; fistula iko mkono gani ao mpira uliwekwa lini; kreatinini na potasiamu za mwisho; dawa zake; na majibu ya homa ya ini B na C na ya VVU pamoja na tarehe. Picha ya karatasi hiyo katika simu ya ndugu wawili inatosha pia. Mwenye majibu hayo kituo kipya kinaweza kumweka kwenye mashine siku anayofika. Asiye nayo mara nyingi anaanza kwa kupimwa upya, kwa sababu mwenye homa ya ini B hutengewa mashine yake, na uzito wake mkavu unatafutwa kwa kubahatisha, kilo kwa kilo, dialize baada ya dialize.